Mali Bila Daftari: Tarehe 10 Desemba na Muziki Wetu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walinena hayo juu ya mali ya duka na ya zizi, lakini sisi leo tunaliazima neno lao kwa mali nyingine ambayo taifa letu limekuwa likiitumia kila siku bila kuihesabu, nayo ni muziki wa watu wetu. Tunaungama tangu mwanzo kwamba makala haya ni ya lawama, na kwamba lawama yenyewe inaanzia nyumbani, kwetu sisi tuliokabidhiwa kalamu na karatasi za umma tukazitumia kwa shughuli nyingine.

Siku hizi ni desturi katika redio, hasa nyakati za asubuhi, mtangazaji kuwasomea wasikilizaji mambo yaliyotokea siku kama ya leo katika historia ya muziki. Husomwa mwaka, husomwa jina la mwimbaji, husomwa jina la mji, kisha hupigwa wimbo. Ni desturi njema, kwani humfunza msikilizaji kwamba wimbo una mzazi na una siku ya kuzaliwa. Lakini ni nani hasa wanaozaliwa katika kalenda hiyo, na ni nani wanaokufa humo? Ili tusiseme kwa kukisia, na tuchukue siku moja tu ya mwaka, tarehe 10 Desemba, tuipekue.

Kalenda ya Wenzetu

Kalenda hiyo inatwambia kwamba tarehe 10 Desemba 1949, katika mji wa New Orleans nchini Marekani, kijana wa miaka 21 aitwaye Antoine Domino, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Fats Domino, aliingia katika studio ndogo ya Cosimo Matassa, akaketi kwenye piano, akarekodi wimbo uitwao "The Fat Man". Wengi huuhesabu wimbo huo miongoni mwa zile za kwanza kabisa za muziki wa roki. Inatwambia pia kwamba tarehe 10 Desemba 1967 ndege ndogo iliyomchukua Otis Redding, bingwa wa muziki wa soul, ilianguka katika ziwa Monona, karibu na mji wa Madison, jimbo la Wisconsin. Otis alikufa akiwa na miaka 26, na pamoja naye walikufa vijana wanne wa bendi ya Bar-Kays iliyokuwa ikimpigia. Katika wote waliokuwamo ndegeni aliokoka mmoja tu, mpiga tarumbeta.

Haiishii hapo. Tarehe 10 Desemba 1971, jijini London, mtazamaji mmoja alipanda jukwaani akamsukuma mpiga gitaa Frank Zappa, naye akaanguka chini na kuumia vibaya. Tarehe 10 Desemba 2007, katika jiji hilo hilo, wazee wa bendi ya Led Zeppelin walikutana tena kupiga muziki mbele ya umati mkubwa. Na tarehe 10 Desemba 2016, mjini Stockholm, mtunzi wa nyimbo Bob Dylan alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Mwenyewe hakuhudhuria, mwimbaji Patti Smith alimwimbia wimbo wake, akapotewa na maneno katikati, akaomba radhi, akaanza tena. Sisi washairi wa Kiswahili hatukushangazwa na tuzo hiyo, kwa kuwa kwetu shairi na wimbo ni ndugu wa tumbo moja. Tuliloshangaa ni kwamba wenzetu walichelewa kulijua hilo.

Hiyo ndiyo siku moja ya wenzetu. Tazama ilivyojaa! Yumo mwenye kurekodi wimbo, yumo mwenye kufa, yumo mwenye kutunukiwa, na hata yule aliyesukumwa akaanguka kutoka jukwaani kawekewa tarehe yake. Tunasema haya bila kejeli. Fats Domino na Otis Redding walikuwa watu weusi wa kusini mwa Marekani, wajukuu wa watumwa, na kazi zao zinastahili heshima katika kila nchi ya Afrika. Hatumlaumu mtangazaji kwa kuwataja. Tunauliza tu: wenzetu waliwezaje kuijua siku?

Jibu ni jepesi, tena halina uchawi wowote. Waliijua kwa sababu ya karatasi. Fats alipoingia studio palikuwapo kampuni ya santuri iliyokuwa ikigharimia kazi ile, na kampuni hailipi bila kuandika: siku gani, wapiga ala wangapi, nyimbo zipi, nani katunga, nani alipwe nini. Otis alipokufa yalikuwapo magazeti ya kuandika, na ofisi za serikali za kuchunguza ajali na kuweka majalada. Siku chache kabla ya safari ile alikuwa studioni mjini Memphis akirekodi wimbo ambao ulitolewa mapema mwaka 1968 ukawa maarufu kuliko zake zote, na siku hizo za studio nazo zimeandikwa. Kalenda ya wenzetu, basi, ilianza kuwa hesabu ya biashara kabla haijawa historia. Mapenzi ya muziki hayakutosha kuiandika, na wala hayatatosha kwetu.

Tarehe Hiyo Hiyo, Nyumbani

Sasa turudi nyumbani tukiishika tarehe ile ile. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alisimama bungeni akiwa Rais wa kwanza, akatoa hotuba ya kufungulia kazi yake. Katika hotuba hiyo alitangaza kwamba ameunda wizara mpya, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Na alipotaka kuwaeleza wananchi kwa nini wizara hiyo inahitajiwa, hakuanza na majumba ya makumbusho wala na vitabu. Alianza na nyimbo na ngoma. Aliuliza ni wangapi katika wasomi wetu wanaojua rumba, chachacha na twisti, lakini hawajapata kucheza wala hata kuzisikia gombe sugu, kiduo na lelemama. Aliuliza ni wangapi wanaopiga gitaa na piano lakini hawawezi kupiga ngoma, zeze, marimba wala nanga.

Kwa maoni yetu hakuna jambo lililotokea katika tarehe 10 Desemba yoyote lililo kubwa kuliko hilo katika historia ya muziki wa nchi yetu. Mkuu wa dola changa, siku ya kwanza ya kazi yake, analiweka suala la muziki mbele ya Bunge! Hata hivyo msikilizaji aweza kuipitisha tarehe hiyo mwaka baada ya mwaka, akasimuliwa habari za ziwa Monona na za jukwaa la London, asiambiwe kwamba siku hiyo hiyo palinenwa neno juu ya lelemama.

Lakini na sisi watumishi wa utamaduni, ambao hotuba ile tunaijua na tunaitaja katika kila semina, tusijione wema. Hotuba ile ina mbavu mbili, na sisi tumeukalia mmoja. Katika ubavu wa kwanza Mwalimu alitutaka tuufufue na kuutukuza muziki wetu. Katika ubavu wa pili alionya kwamba hana maana tukatae ya wageni, kwani taifa lisilotaka kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Sisi tumeshika kukataa, tukafikiri kwamba kukataa ndiko kufufua.

Mfano wake hauko mbali, tena unamhusu yule yule marehemu wa ziwa Monona. Otis Redding alipokufa mwaka 1967 vijana wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kuupenda muziki wa soul, na bendi za vijana zilikuwa zikiupiga katika madansi. Mwaka 1969 muziki huo ulipigwa marufuku katika jiji hilo. Vijana waliandika barua magazetini kubishana na amri: soul ni sauti ya ndugu zetu weusi wa Marekani, walisema, basi inakuwaje ikawa adui wa Afrika? Wengine waliiunga mkono amri kwa nguvu zile zile. Hatutaki leo kuamua ugomvi wa miaka ile. Kila zama zina watu wake na hofu zake. Tunauliza swali moja tu la kiofisi. Siku soul ilipofukuzwa katika madansi, ni nyimbo ngapi za lelemama ziliandikwa katika daftari? Ni wapiga zeze wangapi walihojiwa wiki ile, wakaulizwa wamejifunza kwa nani na lini?

Kupiga marufuku ni kazi ya barua moja na muhuri mmoja, na humalizika kabla ya chakula cha mchana. Kuandika kunataka safari, karatasi, mkanda, posho ya msanii na subira ya miaka. Ndiyo maana tumekuwa hodari wa lile la kwanza na wavivu wa hili la pili. Mwaka 2018 ilitolewa orodha ya nyimbo zilizozuiwa kupigwa redioni, nayo ilikuwa na majina ya nyimbo na majina ya waimbaji. Wapo watakaosema orodha ile ilikuwa ya haki, na wapo watakaosema haikuwa. Sisi tunasema jambo jingine: tunaweza kuorodhesha tunapotaka! Mkono ulioweza kuandika vizuri majina ya nyimbo zilizotuudhi unashindwaje kuandika majina ya zile zilizotulea?

Visingizio Vitatu

Tunajua majibu tutakayopewa, kwa sababu sisi wenyewe tumeyatoa mara nyingi mbele ya wakubwa. Yako matatu.

La kwanza ni kwamba ngoma ni mali ya jamii nzima, haina mtunzi, kwa hiyo haina tarehe. Neno hili linapendeza masikioni, lakini si kweli. Jamii nzima haitungi wimbo kwa pamoja kama inavyovuta mtumbwi. Yuko malenga anayetunga, kisha jamii ikaupokea. Waulizeni Wasukuma. Wao wamehifadhi hadi leo majina ya Ngika na Gumha, wale walioanzisha makundi mawili ya wachezaji yanayoshindana hata sasa, Bagika na Bagalu. Wanajua nani alianza, na wanajua nani alimfuata nani. Anayesema ngoma haina mwenyewe hajakaa na wachezaji. Amekaa jukwaa kuu.

La pili ni kwamba kuandika tarehe ni tabia ya Wazungu na biashara zao, na Mwafrika huhesabu kwa misimu. Sisi washairi tunalikataa neno hili kwa ushahidi. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate na Mwengo bin Athumani, una mwaka wake, nao ni 1728 kwa hesabu ya Kizungu. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858 hakumaliza kabla hajautaja mwaka, kwa hesabu ya hijria. Hiyo ndiyo iliyokuwa adabu ya watunzi wa pwani: mwishoni mwa kazi, mtunzi hujitaja yeye ni nani na ameandika lini, ili waja wamwombee dua. Daftari tunalolidai, basi, lilikuwa letu kabla kampuni za santuri hazijazaliwa. Tulilitupa sisi wenyewe.

Tena haikuwa adabu ya tendi za dini na mawaidha peke yake. Siti binti Saad, mwana wa Fumba, mfinyanzi aliyekuja mjini Unguja akawa sauti ya taarabu, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay akaimba kwa Kiswahili, na sauti yake ikanaswa katika santuri. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Tunayajua maisha yake, na ni nani aliyetujulisha? Ni Shaaban Robert, aliyemwandikia wasifu. Na Shaaban Robert alikuwa nani? Alikuwa mshairi, na alikuwa karani wa serikali, tena serikali ya kikoloni ambayo haikumwajiri aandike habari za waimbaji. Ikiwa karani mmoja wa zama zile, kwa taa ya chemli na kwa wakati wake mwenyewe, aliweza kumwokoa Siti na usahaulifu, sembuse sisi wenye taifa huru, wenye maofisa utamaduni katika wilaya, wenye Baraza la Sanaa lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 na Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981?

Jibu la tatu ndilo zito, na halina budi kujibiwa kwa heshima. Husemwa kwamba nchi ina zahanati za kujenga na visima vya kuchimba, na tarehe ya wimbo haimshibishi mtu. Hapa tunaomba msomaji atusikilize vizuri, kwa maana tunaamini kwamba tarehe humshibisha mtu, na kukosa tarehe humlaza mtu na njaa.

Tarehe ni Haki

Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Mzulu mmoja jina lake Solomon Linda alirekodi pamoja na wenzake wimbo "Mbube". Haki ya wimbo huo, kama isimuliwavyo, iliuzwa kwa shilingi 10. Wimbo ukasafiri Marekani, ukabadilishwa jina mara mbili, ukaimbwa na makundi kwa makumi, na mwishowe ukaingia katika filamu ya wanyama ya kampuni ya Disney iliyotoka mwaka 1994. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Lakini ilikuwapo sheria ya zamani ya Kiingereza, ya mwaka 1911, iliyosema kwamba haki aliyoiuza mtunzi huwarudia warithi wake miaka 25 baada ya kufa kwake. Mwaka wa kifo ukajulikana, miaka 25 ikahesabiwa, ikafika 1987, na mabinti zake wakaenda mahakamani. Mwaka 2006 yakafikiwa mapatano, wakalipwa. Msomaji aone hapo kilichowaokoa. Wimbo ulikuwa mzuri tangu 1939 na haukuwalisha. Kilichowalisha ni wino: mwaka wa kurekodi, jina la mtunzi, mwaka wa kifo.

Kinyume chake tunakiona katika wimbo wa Kiswahili uliozunguka dunia kuliko nyingine zote, yaani "Malaika". Miriam Makeba aliuimba, na wengi wa Ulaya na Marekani wakauimba. Nani aliutunga? Wako wanaomtaja Fadhili William wa Kenya, aliyeurekodi na kuutangaza. Wako wanaomtaja Adam Salim. Na wako wenye majina mengine. Mzozo huo umedumu kwa miongo na miongo, kwa sababu siku ulipoimbwa mara ya kwanza hakuwapo karani pembeni aliyeshika kalamu. Wimbo wa mapenzi umegeuka kesi ya urithi.

Kwetu Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilipotungwa iliilinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sasa tupige hesabu. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alikufa kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi wa Januari 1979. Kwa kipimo hicho cha miaka 50, ulinzi wa tungo zake utafika ukingoni mwaka 2029. Je, jamaa zake wanaijua hesabu hiyo? Je, ofisi ya wilaya alikozaliwa ina orodha ya tungo zake, kila moja na mwaka wake? Na huyu ni Mbaraka, ambaye jina lake linajulikana hata kwa watoto. Vipi kuhusu wale waliopiga gitaa la pili, waliopuliza saksafoni, waliotunga maneno akaimba mwingine? Bendi ya NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 imebadili jina ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Kila jina lilipobadilika, nani aliyefungua ukurasa mpya akaandika wimbo huu ni wa jina lile, na huu ni wa jina hili, na mtunzi ni fulani?

Tusiwe wasahaulifu wa fadhila. Redio ya taifa, tangu ilipoitwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ndiyo iliyotuwekea sauti za bendi, za taarabu na za ngoma za vijijini, maelfu ya mikanda, katika miaka ambayo santuri zetu nyingi zilitengenezwa Nairobi kwa kuwa hapa hapakuwa na mtambo. Lau si mafundi wale tungekuwa mabubu. Lakini mkanda ulio ghalani, hata uwe na tarehe ubavuni mwa boksi lake, haujawa daftari la taifa mpaka tarehe hiyo itoke nje, isomwe, ifundishwe shuleni, iingie katika kinywa cha mtangazaji wa asubuhi. Na vijana wetu wa bongo fleva nao wasidhani wamesalimika kwa sababu kila wimbo wao una tarehe katika mtandao. Tarehe hiyo wameandikiwa na makampuni ya nje, katika vitabu vya wenye makampuni, na siku yatakapofungwa madirisha yao vijana watabaki kama baba zao. Wazee wao walikosa daftari, na wao wamepanga daftari la watu.

Tulivyokosa Sisi

Tumesema lawama itaanzia nyumbani, basi na tuitimize. Sisi wenyewe tumekaa katika kamati za matamasha ya ngoma. Katika ofisi moja tuliyopata kuitumikia, ripoti ya tamasha ilikuwa na kurasa saba. Liliandikwa jina la mgeni rasmi na cheo chake, na muhtasari wa hotuba yake. Iliandikwa idadi ya mabasi, lita za dizeli, posho za madereva, na magunia ya mchele. Ulipofika wasaa wa kuwaandika waliotufanya tukusanyike, tuliandika "kikundi cha kwanza", "kikundi cha pili", na kuendelea hadi cha tisa. Katika kikundi cha tatu alikuwamo mama mmoja mtu mzima aliyeanzisha wimbo peke yake, bila ngoma, na uwanja wote ukanyamaza, kisha watu wakaja kumtunza kwa khanga na fedha hata mabega yake hayakuonekana. Wimbo ulikuwa mpya. Alikuwa ameutunga kwa ajili ya siku ile. Hatukumwuliza jina. Tulitia sahihi yetu chini ya ukurasa wa saba, jalada likafungwa.

Hatukuwa na nia mbaya, na hapakuwa na amri iliyotukataza. Fomu haikuwa na nafasi ya jina lake, nasi hatukuona haja ya kuichora. Tunawaambia ndugu zetu watumishi wenzetu kwamba hivyo ndivyo utamaduni wa taifa unavyopotea. Mkoloni ametajwa sana katika jambo hili, na kweli alitudharau. Lakini fomu ile haikuchapwa na mkoloni.

Tunalolidai

Kwa hiyo tunadai mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Mosi, kila wimbo wa Kitanzania unaopigwa redioni utajiwe mtunzi wake na mwaka wake, kama tunavyowatajia wageni. Pili, kila afisa utamaduni wa wilaya awe na daftari lenye safu tano: jina la wimbo, jina la mtunzi, majina ya waimbaji na wapigaji, mahali, na siku. Tatu, wazee waliobaki wa bendi, wa taarabu na wa ngoma wafuatwe majumbani mwao sasa hivi wakahojiwe, wala wasingojewe mpaka msibani, ambako kila mtu hukumbuka ghafla kwamba marehemu alikuwa hazina. Nne, kila mwaka tarehe 10 Desemba, siku aliyonena Mwalimu, daftari hizo zifunguliwe hadharani na kusomwa, ili siku hiyo iwe na maana nyingine kwetu zaidi ya ile tunayosomewa.

Wala hatuombi Fats Domino afutwe wala Otis Redding asahauliwe. Muziki wetu wa dansi wenyewe ulisikiliza santuri za Kyuba na magitaa ya Kongo, ukayatia maneno ya Kiswahili, ukawa wetu. Tunaomba mwana wa Georgia aliyefia ziwani asomwe pamoja na mwana wa Fumba aliyevuka bahari, katika redio moja na kwa sauti moja, kila mmoja akiwa na jina lake na siku yake.

Na kwa kuwa si adabu kudai usichokitenda, sisi tumekwisha kununua daftari. Ukurasa wa kwanza una safu tano, na safu ya pili bado ni tupu. Wilaya tunaikumbuka, na kijiji tunakijua. Tutakwenda kumtafuta mama yule tukamwulize jina lake, na ikiwa hayupo tena, tutawauliza wanawe.